Rola kosta kwa sisi wenye miili mikubwa (na wenye presha): Kings Island au Cedar Point, na ukae kiti gani

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano simu yangu inaanza. Ndugu wa hapa Columbus, Ohio, wengine Dayton, wengine wa Louisville kule Kentucky, swali ni moja ila kila mtu analizungusha kivyake: "dada, watoto wanataka kwenda park, na mimi na huu mwili wangu nitaenea kweli kwenye hizo rola kosta au nitaishia kushika mabegi?" Mwingine ana presha, mwingine mgongo. Nimeamua niandike yote sehemu moja kuhusu rola kosta, zile treni za michezo zinazopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, maana hiyo hofu naijua, nimeishi nayo, na nawajua watu wazima wanaoshika mabegi ya watoto mwaka wa nne huu kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kiti gani kinawafaa.

Nalinganisha park mbili ambazo wengi wetu huku ndo tunaenda: Kings Island iliyoko Mason, juu kidogo ya Cincinnati, na Cedar Point ya Sandusky, pale ziwani Erie. Siku hizi zote ziko chini ya kampuni ya Six Flags, lakini viti vyake vinatofautiana sana.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mi nina kilo 118, kimo mita 1.66, na uzito wangu umekaa mapajani na kwenye makalio. Shemeji yangu, mume wa dada, ana kilo 121, kimo mita 1.90, ye kila kitu kiko tumboni na kifuani, miguu yake myembamba kama ya mtu mwingine. Tunaenda wote kila msimu. Kilo karibu sawa, ila kuna viti ninavyoingia mi bila shida na ye vinamkataa, na kuna vingine ye anakaa anatulia mi najibana mpaka basi. Ndo maana mtu akiniuliza "kikomo ni kilo ngapi" najibu swali la kwangu kwanza: umejaza wapi?

Park zenyewe kwenye mwongozo wao wanasema mtu aliyezidi futi 6 na inchi 2, au kilo kama 102, au kiuno inchi 40, au kifua inchi 52, au mwenye mapaja makubwa, huenda asienee kwenye baadhi ya michezo. Huenda. Wengi wakisoma hapo wanakata tamaa na tiketi hawanunui, mi nimezidi hizo kilo kwa mbali na nimepanda karibu zote za Kings Island. Kwa hiyo hiyo namba ichukue kama tahadhari, usiione kama geti limefungwa.

Nisimulie kidogo kilichonipata, ili muelewe kwa nini nalisemea hili kwa uchungu. Miaka sita iliyopita, kwenye park moja ambayo sitaitaja, nilipanga foleni saa moja na nusu juani na watoto wa dada. Tukafika, nikakaa, mkanda ukabaki umeachana na kufuli lake kwa upana wa kidole. Kidole kimoja. Kijana mhudumu akasukuma, akaja mwingine akasukuma, treni nzima imesimama watu wanatazama, alafu akaniambia taratibu nishuke nipite mlango wa upande wa pili. Yule mdogo wa miaka tisa akaanza kufungua mkanda wake anifuate, nikamwambia baki mwanangu, panda. Nilisimama kule wanakotokea watu nikawasubiri na machozi yananilenga. Na ile siku nzima ingeokoka kama ningejua jambo moja tu, kwamba nje kabisa, mwanzo wa foleni, kulikuwa na kiti cha kujaribia.

Hicho kiti ndo cha kwanza kukitafuta. Kwenye rola kosta nyingi kubwa za hizi park mbili kinakaa pale mlangoni, kiti halisi na mkanda wake na chuma chake cha kukushikilia. Usione aibu, nenda asubuhi wakati watu wote wanakimbilia ndani. Ukikaa, sukuma makalio mpaka yaguse mgongo wa kiti, nyoosha mgongo, alafu vuta mkanda utoke wote KABLA hujaegemea, maana mkanda ukikaliwa au ukijikunja unakunyima inchi mbili hivi hivi. Vaa nguo nyepesi. Jinzi nene na sweta la kufunga kiunoni vinakula nafasi ambayo unaihitaji. Na kama kiti cha nje kimekukubali kwa shida sana, mwambie mhudumu wa ndani mapema, yeye anajua safu ipi ina nafasi zaidi. Kuna rola kosta zenye chuma kinachoshuka mabegani ambazo zina viti vichache vya watu wakubwa, unavitambua kwa mikanda miwili badala ya mmoja, ukivikuta hivyo kaa hapo bila kusita.

Sasa viti vyenyewe.

Diamondback na Orion, zote Kings Island, hizi ndo naanza nazo kwa mtu yeyote mwenye mwili. Zimetengenezwa na Bolliger & Mabillard wa Uswisi. Hakuna kitu mabegani, hakuna kitu kifuani, kuna chuma kinachotokea katikati ya miguu na pedi pana inayolala juu ya mapaja. Diamondback ni ya 2009, inapanda mita 70, mwendo kama km 129 kwa saa, na haina mkanda, ni hicho chuma tu, kwa hiyo kile kitendawili cha "mkanda unafika haufiki" hakipo kabisa. Orion ya 2020 ni dada yake mkubwa, inashuka mita 91 na kufika km 146 kwa saa. Hakuna kupinduka kichwa chini kwenye zote mbili, ni vilima tu, unanyanyuliwa kwenye kiti unaelea alafu unarudi taratibu. Mi na mapaja yangu naingia vizuri kabisa. Shemeji inabidi akae sawasawa, atoe pumzi, tumbo alivute ndani wakati chuma kinashuka, na mara zote kinashika. Ila niseme ukweli, mwenye kitambi kikubwa kinachokaa juu ya mapaja ndo anaweza kupata shida hapa, kwa sababu chuma lazima kishuke mpaka kiwango fulani ndo kompyuta iruhusu treni kuondoka.

Millennium Force ya Cedar Point ni kinyume. Ya mwaka 2000, mita 94, km 150 kwa saa, na kwa kweli ni nzuri mno, ile inapokata kona karibu na maji ya ziwa sijaona mfano wake. Lakini ina chuma cha mapajani pamoja na mkanda, na mkanda wake unasifika kwa ufupi. Hapa kinachohesabika ni mzunguko wako ukiwa umekaa, tumbo na makalio kwa pamoja. Watu wanasahau makalio: ukiwa nayo makubwa yanakusukuma mbele, na kila inchi unayosogea mbele mkanda unazidi kuwa mfupi. Hii usipange foleni bila kujaribu kiti cha nje, nakusihi.

Steel Vengeance, nayo Cedar Point, ilizinduliwa 2018 juu ya mbao za ile ya zamani iliyoitwa Mean Streak. Inapinduka mara nne na inakurusha juu mara nyingi kuliko kitu chochote nilichopanda. Ina mkanda, ina chuma cha mapajani, na ina vizuizi vinavyobana mbele ya miguu chini ya goti. Hapo ndo shemeji anapotesekea, sio kwa tumbo, kwa urefu wa miguu, magoti yanamkaba. Mimi ni mfupi kwa hiyo miguu haina neno ila mapaja yanaminywa, nikishuka naona alama. Nimeipanda mara mbili na naona inatosha.

Alafu kuna za mabegani. Raptor ya Cedar Point ya 1994 na Banshee ya Kings Island ya 2014, zote unaning'inia miguu hewani treni iko chini ya reli. Hapa mapaja hayana kesi, kesi ni kifua na mabega. Akina dada wenye matiti makubwa nawasemesha nyie: Banshee ina kitu kama kizibao laini kinachoshuka juu ya mabega, ni kizuri kwa sababu hakigongi masikio kama vile vyuma vya zamani, lakini kina tabia ya kuzidi kukaza kadiri treni inavyokwenda, na Banshee inapinduka mara saba. Kwa hiyo mhudumu akishakifunga, vuta pumzi ujaze kifua wakati anakagua, usikae umetoa pumzi yote alafu uende ukabanwe huko mbele. Shemeji hizi anaingia kwa tabu sana, kifua chake kipana. Mi naingia mara ya kwanza tu.

Na za zamani. The Beast, Kings Island, ya 1979, mpaka leo ndo rola kosta ndefu kuliko zote za mbao duniani, mita 2,243, zaidi ya dakika nne msituni, usiku ni giza tupu unasikia mbao tu zinalia. Kiti kina kizuizi katikati yako na jirani, kwa hiyo mwenye nyonga pana kama mimi inabidi ujipange, lakini inawezekana. Ugumu wake ni mtikisiko, nitaurudia kwenye mgongo. Kwa anayetaka kuanza kidogo kidogo kuna Adventure Express hapo hapo Kings Island, na Cedar Creek Mine Ride kule Cedar Point, ya 1969, fupi na chini chini. Kitu kimoja kuhusu zile zenye chuma kimoja cha watu wawili, popote utakapozikuta: usikae na mtoto mdogo. Chuma kinasimama kwako wewe mnene, mtoto anabaki na nafasi kubwa juu ya mapaja. Mpe akae na mtoto mwenzie wa kimo chake kama wameruhusiwa, au na mtu mwembamba.

Najua kuna wanaoona hawa vijana wahudumu wanatubagua wakitushusha. Mi mwenyewe siku ile niliona hivo. Lakini elewa kinachofanyika. Chuma kikiishia juu ya tumbo badala ya mapaja, tumbo ni laini, linabonyea. Ukinyanyuliwa kwenye kilima kile kilichobonyea kinaleta nafasi, na mwili unaweza kuteleza kutoka chini ya chuma huku chuma kimefungwa vizuri kabisa. Julai 2013 mwanamke mmoja alianguka akafa kwenye Texas Giant, Six Flags Over Texas, ilikuwa ya chuma cha mapajani bila mkanda. Ilipofunguliwa tena mwezi wa tisa walikuwa wameongeza mikanda na kuweka kiti cha kujaribia mlangoni. Na Machi 2022 Orlando, kijana wa miaka 14, mwili mkubwa, aliteleza kutoka kwenye mchezo wa mnara unaokupandisha juu alafu kukuangusha, uzito wake ulizidi kilo 130 zilizoandikwa na mtengenezaji na akaachwa akapanda. Yule mtoto angeshushwa pale angelia kama mimi, na leo angekuwa hai. Kwa hiyo usibembeleze, na usikubali rafiki akusukumie chuma kwa nguvu ili tu kisomeke kimefungwa.

Sasa afya, na hapa naomba mnisikilize kuliko kule juu. Kiti kukukubali ni jambo moja, moyo kukubali ni jambo lingine kabisa, na hayo mawili hayajuani. Kuna watu wembamba kama sindano hawatakiwi kukanyaga Orion. Mabango ya milangoni yanasema wazi, mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya kupanda, shida ya mgongo au shingo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, asipande. Kuna madaktari wa Ujerumani waliwafunga watu 55 wenye afya njema vipimo vya moyo wakawapandisha Expedition GeForce, rola kosta kubwa kule Holiday Park, na mapigo yakatoka kama 90 kwa dakika mpaka zaidi ya 150. Mtu amekaa tu, hajakimbia hatua moja. Fikiria sasa moyo ambao tayari unasukuma kwa shida.

Mi nina presha, natumia dawa, imetulia. Kabla ya msimu nilienda kwa daktari wangu, nikamwonyesha video ya Diamondback kwenye simu, maana ukisema "rola kosta" tu ye anaweza kuwaza ile ya watoto. Akataka vipimo vya nyumbani vya wiki mbili, ndo akanipa ruhusa na masharti yake. Hiyo ni ya kwangu, ya kwako itatoka kwa daktari wako. Ila naweza kukusaidia ujue cha kumwonyesha. Diamondback na Orion zinapandishwa taratibu kwenye kilima, mwili unapata muda kujua kinachokuja. Top Thrill 2 ya Cedar Point inakurusha kwa sumaku, mbele, nyuma, mbele tena mpaka km 193 kwa saa, hiyo ni habari nyingine kabisa, na wenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani wakae mbali na hizo za sumaku mpaka daktari aseme.

Mgongo na shingo: hapa rola kosta za mbao na za chuma hazifanani hata kidogo. Orion inateleza, The Beast inakupiga. Mwenye pingili zinazosumbua aachane na The Beast kabisa, na aliye mzima ila mgongo wake mwepesi kulalamika akae safu ya katikati ya behewa, mabehewa yake yana safu tatu na ya katikati haiko juu ya magurudumu, unasikia tofauti mara ya kwanza tu. Nyuma ya treni inavuta kwa nguvu zaidi kuliko mbele, hilo ni kwa karibu zote.

Tena hapo nyuma na mbele kuna jambo la ajabu, kwa wenye mawe kwenye figo. Watafiti wa Michigan State walitengeneza figo ya bandia, wakatia mawe halisi, wakaiweka begini na kupanda nayo rola kosta ya Big Thunder Mountain ya Disney kule Florida mara nyingi. Waliyokaa nayo nyuma mawe yalitoka asilimia 64, mbele asilimia 17 tu. Ni ya 2016, ilichapishwa kabisa. Mi simshauri mtu mwenye maumivu ya figo akapande, natoa tu kuonyesha jinsi safu ya kiti inavyobadilisha mambo ndani ya mwili.

Wenye sikoseli, na nyumbani kwetu tuko nao wengi, msisahau hatari iliyoko kwenye foleni, sio kwenye treni tu. Saa moja juani bila maji, mwili unakauka, maumivu yanaanza. Nenda siku ya kazi, asubuhi, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Wa kisukari, kile kifaa cha sukari cha mkononi au tumboni hakikisha hakikai pale chuma kinapobana, na usiache sukari yako ya dharura kwa mtu aliyeko nje maana foleni inaweza kukushika.

Kwa hiyo ukiniambia una siku moja na hela ya tiketi moja, na mwili wako ni kama wangu, nakwambia nenda Kings Island. Anza na Diamondback, kama imeingia vizuri nenda Orion, pumzika, kula kidogo, Banshee kama kifua kinaruhusu. Wenye kifua na tumbo kama shemeji, hivo hivo ila Banshee jaribu kwanza nje. Cedar Point iweke mwaka wa pili, ukishajijua, kwa sababu kule mikanda ni mingi na kukataliwa mara tatu kwa siku moja kunaua moyo wa mtu mzima. Wembamba warefu wenye afya, Cedar Point bila kufikiri.

Na usimwache nyumbani asiyeweza kupanda. Mwaka jana mama alikuja kutoka Tanga, ana miaka 71, presha yake inacheza, hata hatukujadili. Tulimpandisha treni ya mvuke inayozunguka park, iko toka Kings Island ilipofunguliwa 1972, alafu akapanda lifti ya ule mnara wa Eiffel wao, ni theluthi ya ule wa Paris. Toka juu unaona park yote. Sisi tulikuwa Diamondback, ile mwishoni inapita majini na kurusha maji pande zote mbili kama mabawa, na tulivyoshuka nikakuta simu zake tatu. Nikapiga. "Nimekuona mwanangu, ulikuwa safu ya pili, mikono juu. Hebu rudi tena nikupige picha, ya kwanza kidole kimeziba."